Kupiga jeki gari nyumbani: anza na ardhi, jeki nunua mwisho

Wakuu, mtu akishaamua kwamba oili na breki pedi atabadilisha mwenyewe nyumbani, swali la kwanza linalomtoka ni "ninunue jeki ya tani ngapi?" Na mimi nilianza na hilohilo. Nikaenda maduka ya Gerezani hapa Dar na hela yangu mfukoni, nikachukua jeki ya toroli (ile ya mafuta yenye magurudumu na mpini mrefu) ya tani 2, halafu nikaona stendi, vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari ikiwa juu, za tani 6 zimepangwa pale, nene, nzito, nikasema hizi ndo zenyewe, kubwa ndo salama. Kufika nyumbani napandisha Toyota IST yangu, jeki ikafika mwisho wake sentimita 34 hivi, nachukua stendi niisukumie chini, haiingii. Stendi ikiwa imeshushwa mpaka mwisho ina sentimita 39. Yani nina jeki, nina stendi, na vitu viwili hivi havijuani kabisa. Si nikaanza kupanga vipande vya mbao juu ya kikombe cha jeki, pale panapogusa gari, ili nipate zile sentimita tano, gari ikaanza kuinama taratibu upande mmoja huku mimi nimepiga magoti pembeni yake. Nikaishusha, nikaenda kunywa maji.

Pale tatizo halikuwa tani hata kidogo. Tatizo nilinunua kwa kuangalia namba kubwa badala ya kuangalia nyumbani kwangu na gari yangu. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga kinyume na watu wanavyonunua: tunaanza na pale gari inaposimama, tunakuja kwenye gari yenyewe, halafu kitu cha kuishikilia ikiwa juu, na jeki inakuja mwisho. Jeki kazi yake ni kunyanyua tu, kushikilia sio kazi yake. Hizi jeki za mafuta kinachozuia gari isirudi chini ni sili ndogo za ndani na valvu, sili ikichoka au kauchafu kakikaa kwenye valvu gari inashuka, na haipigi hodi.

Ardhi

Nyumba zetu nyingi Dar uwanja ni kichanga, au pevingi zilizotandikwa juu ya kichanga, na wenye bahati wana zege. Zege ndo bora, halina mjadala. Lakini hata zege liangalie mteremko, maana mafundi wengi wanaweka kamteremko kuelekea getini ili maji ya mvua yatoke. Chukua mpira wa mtoto uweke chini, ukibingirika wenyewe hapo hapafai, tafuta sehemu nyingine ya uwanja.

Kwenye kichanga kuna jambo watu hawalijui kuhusu jeki ya toroli. Mkono wake haupandi wima, unakata upinde kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, kwahiyo kikombe kinavyopanda kinasogea pia kimlalo. Gari haisogei, ipo na kabari, kwahiyo jeki yenyewe ndo inatakiwa itembee kidogo na magurudumu yake ili ibaki chini ya gari. Sasa vile vigurudumu vya chuma vikizama kwenye mchanga jeki haitembei, na hapo linatokea moja kati ya mawili, ama inaivuta gari ama kikombe kinateleza kwenye sehemu kilipokuwa kimeshika. Kwenye kokoto ni hivyohivyo.

Dawa yake ni rahisi, marini bodi ya milimita 18, zile mbao nyeusi mafundi ujenzi wanafungia zege. Sehemu ya kujengea ukipata vipande vilivyobaki ni sawa tu ilimradi havijaoza wala kuachana. Cha jeki kiwe kirefu, kama sentimita 60 kwa 90, jeki ipate pa kutembea. Vya stendi sentimita 40 kwa 40 kimoja kimoja, na kwenye kichanga ningeweka viwili vimepandana. Kabla ya kuweka, sawazisha mchanga, mwagia maji kidogo, kanyaga mpaka ushikane. Kwenye pevingi pia weka bodi, kwasababu miguu ya stendi ni myembamba, ukikuta mguu umeangukia kwenye bloku iliyokaa vibaya bloku inazama peke yake na stendi inalala. Lami nayo ya saa saba mchana inakuwa laini, miguu inaingia kama kisu kwenye siagi, weka bodi.

Mvua ikinyesha kichanga sahau. Jirani yangu kipindi cha masika alipiga jeki ile ya kukunja inayokuja na gari kwenye mchanga ulioloa, akatoa tairi la mbele, mimi nimepita tu namwambia ndugu yangu hilo tairi lisukumie chini ya gari basi, akalisukuma, nadhani ili nimuache tu. Hata dakika tano hazikupita, jeki ikaanza kuinama polepole kama mlevi anayetafuta ukuta, ikalala, gari ikakaa juu ya lile tairi. Rimu ilikwaruzwa. Yeye mkono wake ulikuwa kwenye kalipa ya breki dakika moja kabla.

Gari yako

Uzito kwanza. IST na Vitz zinacheza kwenye tani 1. Noah na Harrier zinakwenda tani moja na nusu na kidogo juu. Prado ni kama tani 2, zingine zinapita. Ukinyanyua kona moja hubebi gari nzima, unabeba kama robo, mbele inazidi kwasababu injini ipo huko, ukinyanyua mbele yote unabeba nusu na zaidi kidogo. Kwahiyo jeki ya tani 2 kwa gari ndogo inatosha na inabaki, na tani 3 kwa Prado inatosha. Mtu anayenunua tani 3 kwa IST simcheki lakini sababu ya maana ni kwamba huwa ndefu na pana zaidi, haiyumbi, sio kwamba IST itaishinda ya tani 2.

Halafu sehemu za kunyanyulia. Chini ya mlango, pembeni, kuna ukingo wa bati unaoshuka chini, na kwenye ule ukingo karibu na kila tairi kuna vikato viwili vimeachana kidogo. Katikati ya vile vikato bati limeongezwa nguvu, na hapo ndo jeki ya kukunja inakaa. Nje ya hapo ukingo unapinda. Ukilala ukachungulia IST au Vitz nyingi mtaani utakuta ukingo umepondwa kama mdomo wa kopo, ni kazi za gereji za haraka hizo. Kwenye gari zenye chesisi kama Prado unanyanyua kwenye chesisi au nyuma chini ya ekseli.

Jeki isiguse kabisa: sampu (bakuli la oili chini ya injini), gia boksi, bomba la ekzosi, tenki la mafuta, rejeta na ile fremu yake nyembamba, na sakafu ya gari. Sampu ya gia boksi ni bati tu, ukiipiga jeki inabonyea ndani na hapo umebadilisha kazi ya oili kuwa kazi ya gia boksi.

Kitu kingine kinachotuhusu sana sisi wa gari za mtumba kutoka Japani: zipo zilizoishi maeneo ya theluji, huko barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi inakula chini ya gari. Juu inang'aa, chini imeoza. Kabla hujaamini vile vikato chukua bisibisi gonga na uchokonoe. Ikisikika ngumu sawa. Ikiwa inamomonyoka kama biskuti usinyanyulie hapo, mwite fundi bodi kwanza.

Sasa chukua futi kamba upime vitu vitatu uviandike kwenye simu, kabla hujaenda dukani:

1. Kutoka chini hadi kwenye ukingo wa kunyanyulia, tairi zikiwa na upepo.
2. Palepale tairi likiwa limeisha upepo kabisa. Jeki inabidi iingie hata siku ya pancha.
3. Kimo unachotaka gari ikae ili kazi ifanyike. Kwa breki inatosha tairi kuachana na ardhi, kwa kuingia chini kufungua nati ya oili utataka mwili wako upite na mkono ukunjuke.

Kabari, na kwanini P haikutoshi

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo sehemu watu wanajiamini bila msingi. Mtu anaweka gia kwenye P (ya kupaki), anavuta handibreki, anaona kamaliza.

Handibreki kwenye gari nyingi inashika tairi za nyuma tu. Ukinyanyua nyuma yote, handibreki inashika tairi zilizopo hewani, yani haishiki kitu. Na P inafunga gia boksi, haifungi tairi. Kwenye gari ya kuvuta mbele kama IST, gia boksi inaunganishwa na tairi mbili za mbele kupitia difu, na difu inaruhusu tairi moja kuzunguka tofauti na lingine. Kwahiyo ukinyanyua tairi moja la mbele, lile la hewani linaweza kuzunguka kinyume na lililobaki chini likabingirika, P ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Jaribu siku moja gari ikiwa kwenye stendi, zungusha tairi moja la mbele kwa mkono uone lingine linavyozunguka kinyume. Ukishaiona hiyo huwezi kuiamini P tena.

Kwahiyo ukinyanyua mbele, handibreki inafanya kazi na unaweka kabari nyuma. Ukinyanyua nyuma, kabari zinakaa mbele, na hizo ndo zinashikilia gari kwa uhakika. Kabari ziwe mbili kwa tairi, mbele na nyuma ya tairi, zimebanwa kabisa. Za dukani za mpira mzito ni nzuri, za plastiki nyepesi kwenye zege laini zinateleza na tairi linazisukuma tu kama kiatu. Fundi seremala anaweza kukukatia gogo la pembetatu kwa hela ndogo, kimo chake angalau robo ya kimo cha tairi. Jiwe usiweke. Najua tingo wa malori wanaweka mawe mlimani, na ndo maana ukipita barabara za milimani unakuta mawe yameachwa katikati ya lami, ila jiwe linazunguka likisukumwa, hiyo ndo shida yake.

Stendi

Hela yako ya kwanza iende hapa. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua stendi mbili na kabari, halafu nyanyulia na ile jeki ya kukunja iliyokuja na gari. Sio raha, utazungusha mkono mpaka utoke jasho, lakini uko salama kuliko mwenye jeki ya toroli ya maana isiyo na stendi.

Kuna aina mbili kuu. Ya meno, mti wa katikati una meno upande mmoja na kuna ulimi wa chuma unaoingia kwenye jino, unavuta mti juu unajifunga, unanyanyua kashikio ukitaka kuushusha. Na ya pini, mti una matundu na wewe unapitisha pini nene pande zote mbili. Ya meno ni ya haraka na vimo vyake vimekaribiana. Ya pini inachosha kidogo na vimo vimeachana, ila huwezi kujidanganya, pini imepita au haijapita. Mimi sasa hivi natumia ya pini. Zipo pia za meno zenye pini ya ziada ya usalama, hizo ukizipata bei inayokufaa chukua.

Hofu ya meno sio ya kufikirika. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni ya Harbor Freight iliwaita wateja warudishe stendi zake za Pittsburgh za tani 3 na tani 6, ulimi kwenye baadhi yake ulikuwa haushiki jino mpaka ndani, stendi ikisukumwa inaweza kushuka ghafla. Halafu mwaka huohuo hata stendi mpya za tani 3 walizokuwa wakiuza badala ya zile ikabidi nazo ziitwe, safari hii kwa kuchomelewa vibaya. Kwahiyo ukinunua ya meno, kila ukiiweka angalia kwa macho na tochi kwamba ulimi umekaa kwenye jino lote, kisha bonyeza kashikio chini kwa mkono kihakikishe.

Vya kuangalia dukani:

Kimo cha chini. Hapa ndo nilipoumia mimi. Kimo cha chini kabisa cha stendi lazima kiwe pungufu ya kimo ambacho jeki yako itaweza kufikisha ule ukingo, na ubaki na sentimita tatu nne za kuchezea. Stendi za tani 3 nyingi zinaanzia karibu na sentimita 28, zinawafaa wengi wetu. Za tani 6 ni za malori madogo na gari zilizoinuka juu, wewe wa IST waachie wenyewe.

Tani za nani. Lebo nyingine tani zilizoandikwa ni za stendi mbili kwa pamoja, nyingine ni za kila moja. Soma vizuri, kama haielezi chukulia ni za mbili.

Miguu iwe mipana kuliko unavyodhani inahitajika, na sehemu zilizochomelewa ziwe zimejaa mfululizo, sio vidonge vya welding kimoja huku kingine kule. Iweke kwenye sakafu ya duka uibonyeze pembeni kwa kiganja, isicheze.

Kichwa cha stendi huwa kama tandiko lenye mbonyeo, kimetengenezwa kubeba ekseli, na ule ukingo wa bati ukikaa juu yake unapondeka. Kuna vipande vya mpira mgumu vyenye mfereji katikati, ukingo unaingia kwenye mfereji na uzito unakaa pande zote mbili. Nunua viwili kwa stendi na kimoja kwa jeki. Usipopata, kipande cha mbao ngumu kilichochanwa mfereji kinafanya kazi, ila kiwe cha mninga au mtiki na kiangalie usije ukakuta kimepasuka.

Sasa vitu ambavyo sio stendi. Tofali la sementi sio stendi! Linabeba nyumba ndio, kwasababu uzito umetandazwa juu yake lote, lakini ukiliwekea chuma chembamba sehemu moja linapasuka mara moja bila kutoa ishara, halianzi kwa kuinama. Rimu zilizopandanishwa sio stendi. Ndoo ya rangi iliyojaa zege, nimeiona kwa macho yangu, sio stendi. Kama stendi imeshindikana kabisa, mbao ngumu nene zilizopangwa kwa kupishana, mbili hivi mbili vile, kama kuni za kuchoma tofali, zinabeba vizuri sana, na zinalalamika kabla hazijavunjika. Ila mpango usiwe mrefu kuliko upana wake.

Na kama kazi yako ni oili tu, fikiria rampu. Unapandisha tairi za mbele juu, kabari nyuma, umemaliza, hakuna jeki hata moja. Seremala anaweza kukutengenezea za mbao zilizopandana kama ngazi, pana kuliko tairi, na kibao cha kuzuia mbele. Mtu wa pili asimame pembeni, sio mbele ya gari, akuelekeze. Breki na tairi huwezi kufanya ikiwa juu ya rampu, hicho ndo kilema chake.

Jeki sasa

Ya kukunja iliyokuja na gari ni ya barabarani siku ya pancha. Kitako chake ni kidogo, inayumba, lakini ni ya hesi, haina mafuta ya kuvuja. Itie grisi kwenye hesi, wengi wetu hatujawahi kuitoa kwenye buti tangu gari ishuke bandarini.

Ya chupa ina nguvu kubwa kwa umbo dogo na bei ni nafuu, ndo inayodanganya wengi. Ukiwa na gari ndogo pima kwanza, nyingi kimo chake cha chini kabisa ni karibu sentimita 18 hadi 20 na haiingii chini ya Vitz, na tairi likiisha upepo ndo kabisa. Juu kina kikombe kidogo kama kifuniko cha soda, kwenye ukingo wa bati hakishiki. Kwa Prado, Hilux, Hiace, kwenye chesisi au ekseli, hapo ni mahali pake. Ikae wima, usiilaze ukaisukumia.

Ya toroli ndo ya nyumbani kama una zege au bodi. Kitako kirefu, inakwenda chini kabisa, mpini unakuweka mbali na gari, na inashusha taratibu. Angalia kimo cha chini kiingie kwenye kipimo chako cha pili, na kimo cha juu kiizidi stendi. Zile ndogondogo kwenye kasha la plastiki zinabebeka lakini ni fupi, kimo cha juu kinaishia mapema na magurudumu ni kama ya mkokoteni wa mtoto. Ukiweza ruka daraja moja.

Ile ndefu ya maporini yenye matundu, ya kuvuta mkono kama pampu ya kisima, inahitaji bampa ngumu ya chuma na akili iliyotulia, mpini wake ukikuponyoka unapiga taya. Kwa sevisi ya nyumbani siipendekezi.

Kujaribu kabla hujalipa

Duka la watu linaelewa, omba tu kwa upole. Funga valvu, pampu bila mzigo mpaka juu. Ipande kwa mwendo mmoja, isirukeruke, ikiruka ina hewa ndani au mafuta pungufu. Simama juu ya kikombe kwa uzito wako wote utulie kama dakika mbili huku umeshika kitu, mwenzio aangalie kama inashuka. Fungua valvu kidogo sana, ishuke taratibu, kama inaporomoka kwa kaufunguo kadogo itakuporomokea na gari. Pitisha kidole kuzunguka pistoni, kikitoka na mafuta rudisha. Kisha toa futi kamba upime mwenyewe kimo cha chini na cha juu, usisome kasha. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Ya mtumba inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei rahisi, ila uliza imewekewa mafuta gani. Watu wanaijazia mafuta ya breki kwasababu yapo karibu, na mafuta ya breki yanaharibu sili za jeki. Inatakiwa hidroliki ya jeki.

Siku ya kazi

Toa mizigo na watu ndani, mtoto asiwe amelala siti ya nyuma. Kabari kwenye tairi zitakazobaki chini. Kama unatoa tairi, legeza nati robo mzunguko gari ikiwa bado chini, Toyota nyingi ni spana ya 21, maana kuvutana na nati gari ikiwa juu ndo njia ya haraka ya kuisukuma kutoka kwenye jeki.

Swali kila mtu analifikia: kama jeki inakaa kwenye ule ukingo, stendi nayo ikae wapi, si sehemu ni hiyohiyo? Jibu, jeki ya toroli ipeleke kwenye boriti nene ya chuma iliyo chini ya injini, pale inapofungwa na bodi kwa bolti kubwa nyuma ya tairi, au katikati yake kama kitabu cha gari kinaonyesha hapo, na ukingo unauachia stendi. Nyuma kwenye gari ndogo usibahatishe lile bomba linalounganisha tairi mbili kama kitabu chako hakijaruhusu, nyanyua upande mmoja mmoja.

Na ukinyanyua upande mmoja mmoja usimalize upande wa kwanza mpaka juu. Weka stendi kimo cha kwanza kushoto, nenda kulia kimo hichohicho, ndo urudi kushoto uongeze. Ukipandisha upande mmoja sana halafu ukaanza mwingine, ile stendi ya kwanza inasimama juu ya mguu mmoja wakati wewe uko upande wa pili huioni.

Gari ikishakaa kwenye stendi ishushe jeki taratibu mpaka uzito uhamie, kisha irudishe iguse tu, isibebe, ikae kama mlinzi. Tairi ulilotoa lisukumie chini ya gari. Sasa simama pembeni, shika juu ya bodi, isukume gari, sio kwa adabu, isukume kweli. Kama ni ya kuanguka ianguke sasa hivi wewe ukiwa umesimama. Ikitulia zunguka uangalie kila mguu wa stendi umegusa chini, ndo uingie. Na mtu wa nyumbani ajue uko chini ya gari, funguo ziwe mfukoni kwako, hakuna kuwasha injini "kidogo tu".

Kushusha ni kinyume chake, ila watu wanaharakisha hapa kwasababu kazi imeisha. Chungulia kwanza kama hujaacha trei ya oili, spana au tochi chini. Nyanyua kidogo, toa stendi, fungua valvu kwa vidole viwili. Tairi likigusa ardhi ndo unakaza nati za mwisho, kwa kupishana kama unachora nyota, Toyota nyingi ndogo toku (nguvu ya kukazia) ni Nm 103, na ukishatembea kilomita hamsini mpaka mia rudia kukaza.

Jeki ihifadhi imeshushwa mpaka chini ili pistoni iwe imejificha ndani ya mafuta isipate kutu. Huku kwetu Kigamboni upepo wa bahari unakula chuma usiku na mchana, ya kwangu naipaka grisi kidogo kwenye maungio naifunika na gunia, na zile stendi za tani 6 bado zipo pembeni yake, wife ameweka chungu cha maua juu.